TAA YA DARASA KUTOKANA NA VITU VILIVYOTUPWA

Tunduru ni wilaya ya mkoa wa Ruvuma, kusini kabisa mwa Tanzania. Ukivuka mto Ruvuma unaingia Msumbiji. Huko mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tuseme shule yako iko Tunduru, na ni asubuhi ya mwezi wa Februari. Mawingu yametanda, mvua inapiga bati kwa kishindo, na madirisha ya mbao yamefungwa ili maji yasiloweshe madaftari. Mwalimu anaandika ubaoni. Wewe uliyeketi dawati la nyuma huwezi kusoma alichokiandika, na jirani yako naye huwezi kumwuliza kwa sababu ya kelele za mvua.

Fikiri kidogo. Nje ya darasa nuru ipo, maana bado ni mchana. Ndani ya darasa ni giza. Nuru imezuiwa na paa na kuta. Basi kazi yetu ni kuitafutia nuru hiyo njia ya kuingia. Tena jioni, jua linapotua, kazi inakuwa nyingine: inatubidi tutengeneze nuru yetu wenyewe.

Katika sura hii utatengeneza taa mbili pamoja na wenzako, walimu na mafundi wa kijijini. Taa ya kwanza ni ya mchana. Taa ya pili ni ya usiku, nayo itakuwa pambo la darasa pia. Zote mbili zitatokana na vitu ambavyo watu wamekwisha kuvitupa: chupa za plastiki, makopo, rimu ya baiskeli, na tochi zilizoharibika.

Taa za mafundi wetu

Kutengeneza taa kwa vitu vilivyotupwa si jambo geni katika nchi yetu. Nenda sokoni ukamtafute fundi bati. Huyu hukusanya makopo ya maziwa, ya dawa na ya mafuta ya kupikia, akayakata kwa mkasi wa bati, akayakunja kwa nyundo na kuyaunga kwa lehemu. Kutokana na makopo hayo hupatikana majiko ya mkaa, mikebe, faneli, na taa ndogo iitwayo koroboi. Watu wengine huiita kibatari. Kwa miaka mingi watoto wengi wa Tanzania wamejifunza kusoma kwa nuru ya taa hiyo.

Koroboi ina sehemu chache tu: kopo la kuwekea mafuta ya taa, mfuniko, mrija mwembamba wa bati unaopita katikati ya mfuniko, utambi wa pamba au wa kitambaa, na mkono wa kushikia. Hata hivyo, ndani ya chombo hicho kidogo kuna mambo mengi ya sayansi. Tuanze na utambi. Mafuta yapo chini ndani ya kopo, na moto unawaka juu. Je, mafuta hupandaje?

Jaribio la 1. Chukua kipande cha kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 15. Tia maji katika kikombe, kisha uyatie rangi kwa kutumia wino au majani yaliyopondwa. Ning'iniza kitambaa hicho ili ncha yake ya chini iguse maji. Ngoja dakika tano. Pima kwa rula umbali ambao maji yamepanda. Rudia jaribio hilo kwa ukanda wa mfuko wa plastiki wenye ukubwa ule ule. Andika katika daftari lako uliyoyaona.

Bila shaka umeona kwamba maji yalipanda katika kitambaa, lakini hayakupanda katika plastiki. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi, na kati ya nyuzi kuna nafasi nyembamba mno. Kimiminiko hunata kwenye nyuzi na kujivuta juu kupitia nafasi hizo. Mafuta ya taa nayo hupanda namna hiyo hiyo. Juu ya utambi joto huyageuza mafuta kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Ndiyo maana utambi wenyewe hauteketei upesi maadamu mafuta yamo.

Sasa chunguza mfuniko wa koroboi iliyotengenezwa vizuri. Utaona kitundu kidogo kando ya mrija. Kazi yake ni kupitisha hewa. Mafuta yanapopungua ndani ya kopo, sharti hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, mafuta yatapanda kwa shida na moto utafifia. Mama anapotoboa kopo la mafuta ya kupikia hutoboa matundu mawili, si moja. Sababu ni hiyo hiyo.

Kwa nini koroboi hutoa moshi?

Jaribio la 2. Jaribio hili lifanywe na mwalimu, nanyi mtazame. Mwalimu atawasha koroboi, kisha atashika kijiko kwa koleo na kukiweka juu ya moto kwa muda mfupi. Angalieni upande wa chini wa kijiko.

Kile cheusi kilichoonekana kijikoni ni masizi. Masizi ni kaboni ambayo haikuungua. Mafuta ya taa yana kaboni na haidrojeni. Yakipata oksijeni ya kutosha, huungua yote na kutoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Lakini hewa inayofika katikati ya moto wa koroboi ni haba, kwa hiyo sehemu ya kaboni hubaki kama chembe ndogo sana. Na hili linashangaza: nuru ya manjano unayosomea hutoka hasa kwenye chembe hizo. Zinapopata joto kali hung'aa kama kaa la moto, na zinapotoka nje ya moto hupoa na kuwa moshi. Kwa hiyo kitu kinachokupa nuru ndicho kinachokwenda kukaa mapafuni mwako na juu ya dari.

Chemli imeboreshwa kidogo. Kioo chake huzuia upepo. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa mpya huvutwa na kuingia chini karibu na utambi. Moto hupata oksijeni zaidi na moshi hupungua. Karabai huenda mbele zaidi: mafuta husukumwa kwa pampu, hugeuka mvuke, huchanganyika na hewa, nayo huwaka ndani ya kifuko cheupe ambacho hung'aa kwa joto. Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakulima walikwenda madarasani kujifunza kusoma na kuandika baada ya kazi za shamba. Palipokosa umeme, kusoma baada ya jua kutua kulitegemea taa za namna hizo.

Hatutatumia moto katika taa zetu. Koroboi ikianguka, mafuta humwagika na kuwaka, na watoto wengi wameungua hivyo. Kumbuka pia mambo haya kwa ajili ya nyumbani. Usitie petroli ndani ya koroboi, wala petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwani mvuke wake hulipuka. Usiweke mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mdogo wako akiwa na kiu hatajua tofauti. Mafuta yakishika moto usimwage maji, maana mafuta huelea juu ya maji na moto utasambaa. Mwaga mchanga, au funika kwa blanketi zito lililoloweshwa.

Taa ya mchana

Mwaka 2002, katika mji wa Uberaba nchini Brazil, umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Fundi makanika mmoja, Alfredo Moser, alitafuta njia ya kuangaza karakana yake mchana bila umeme. Alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili, akaijaza maji safi, akaipenyeza katika tundu la paa na kuziba kandokando. Karakana ikaangaza. Taa hiyo ya chupa ilienea katika nchi nyingine nyingi, na nchini Ufilipino iliwekwa katika nyumba maelfu kwa maelfu za watu wasio na uwezo. Imepata kulinganishwa na globu ya umeme ya wati 40 hadi 60 jua linapowaka.

Je, maji hufanya nini hasa? Usikubali maneno matupu. Jaribu mwenyewe.

Jaribio la 3. Tafuta boksi kubwa la karatasi ngumu, kama lile la sabuni au la biskuti. Ziba nyufa zote ili ndani pawe giza. Toboa tundu dogo upande mmoja, la kuchungulia kwa jicho moja. Katikati ya upande wa juu kata tundu la mviringo ambalo chupa ya plastiki itapita kwa kubana. Peleka boksi juani. Kwanza acha tundu la juu wazi, jifunike kitambaa kichwani, kisha uchungulie ndani. Pili, weka chupa tupu, nusu iwe nje na nusu iwe ndani, uchungulie tena. Tatu, weka chupa iliyojaa maji safi. Kila mara mwenzako abandike karatasi yenye maandishi kwenye ukuta wa ndani, nawe ujaribu kuyasoma.

Tundu lilipokuwa wazi, uliona doa kali la nuru katika sehemu moja ya boksi, na pembe zote zilikuwa giza. Nuru husafiri katika mstari ulionyooka. Iliingia tunduni, ikaenda moja kwa moja hadi ilipogonga, na ikaishia hapo. Ulipoweka chupa yenye maji, lile doa kali lilitawanyika, na kuta zikaonekana. Nuru inapotoka katika hewa na kuingia katika maji kwa mshazari hupinda. Inapotoka katika maji na kuingia tena hewani hupinda mara nyingine. Na kwa kuwa chupa ni ya mviringo, miali ya nuru hupinda kuelekea pande mbalimbali. Mingine huakisiwa ndani kwa ndani kabla ya kutoka. Weka kijiti katika bilauri ya maji ukitazame kwa upande: kinaonekana kama kimevunjika. Kupinda huko kwa nuru ndiko kunakofanya kazi katika chupa yetu. Hata vito vinavyochimbwa Tunduru tangu miaka ya 1990, kama vile yakuti, humetameta kwa sababu ya kupinda na kuakisiwa kwa nuru ndani yake, ijapokuwa chupa ya maji haiuziki kwa bei ya yakuti.

Angalia vizuri, chupa haitengenezi nuru. Huipokea na kuigawa tu. Kwa hiyo usiku haifai kitu. Na siku ya mawingu mazito, kama asubuhi ile ya Februari, itatoa nuru kidogo kuliko siku ya jua. Darasa kubwa litahitaji chupa kadhaa. Ni vema mjue hilo kabla ya kuanza, ili msije mkavunjika moyo baada ya kutoboa bati moja.

Kuiweka chupa katika paa ni kazi ya fundi, si yako wewe mwanafunzi. Kwanza mwalimu mkuu na kamati ya shule wakubali, kwani tundu lisilozibwa vema litavujisha maji mahali pale pale mlipotaka pawe na nuru. Fundi hukata kipande cha bati chenye upana wa sentimita 30 hivi kila upande, hukitoboa katikati, hupitisha chupa humo na kuibana kwa gundi isiyopitisha maji. Kipande hicho hujaribiwa chini kwa kumwagiwa maji. Kisipovuja ndipo hupandishwa na kufungwa juu ya tundu la paa, theluthi moja ya chupa ikiwa nje na theluthi mbili ndani. Mwalimu hutia katika maji vifuniko viwili vya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Usipotiwa dawa hiyo, mimea midogo sana ya kijani itaota majini na chupa itapoteza uangavu wake. Dawa hiyo huunguza macho na ngozi, basi usiiguse. Jua huchakaza plastiki, kwa hiyo chupa zikaguliwe kila mwaka mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua.

Taa ya usiku

Taa hii ndiyo yenye kazi nyingi na, ukweli ni kwamba, ndiyo yenye kupendeza zaidi. Itaning'inia katikati ya darasa. Itakuwa na makopo manne yenye nakshi za matundu, yaliyofungwa katika rimu ya baiskeli.

Anzeni na nakshi. Waulizeni akina mama wanaosuka mikeka wawaonyeshe mitindo yao. Nakshi za mkeka huhesabiwa kwa chane: mbili juu, mbili chini. Kwa hiyo ni rahisi kuzichora katika karatasi ya miraba. Kata karatasi inayoweza kulizunguka kopo mara moja tu, ichore miraba ya sentimita 1, kisha tia nukta kila mahali utakapotoboa. Usitie nukta nyingi mno. Matundu yakikaribiana sana bati huchanika, na yakiwa machache sana nuru haitoki.

Tafuta gogo la mti lenye unene wa kutosha kuingia ndani ya kopo kwa kubana. Bila gogo hilo kopo litabonyea kila unapopiga nyundo. Funga karatasi ya nakshi juu ya kopo, weka ncha ya msumari katika nukta, na upige pigo moja la nguvu kiasi. Mwenzako alishike gogo, vidole vyake viwe mbali. Kingo za kopo lililofunguliwa hukata kama wembe. Zikunjwe kwanza kwa koleo na fundi bati au mtu mzima mwingine.

Matundu yakiisha, ingieni katika chumba chenye giza mkiwa na tochi. Iwekeni ndani ya kopo. Nakshi ya mkeka itaonekana kutani, kubwa kuliko kopo lenyewe. Lisogezeni kopo mbali na ukuta, na nakshi itakuwa kubwa zaidi, lakini hafifu. Nuru ile ile imeenea mahali papana. Hilo latukumbusha tena kwamba nuru hunyooka: kila tundu hupitisha mwali mmoja, na kadiri miali inavyokwenda ndivyo inavyoachana.

Upande wa chini wa kopo uachwe wazi, maana nuru ya kusomea itatoka huko. Msipake rangi ndani. Bati jipya linalong'aa huakisi nuru na kuirudisha chini. Kama mnayo shaka, pakeni masizi ndani ya kopo moja, mliache jingine likiwa linang'aa, kisha mpime kwa hatua: mtu anaweza kusimama mbali kiasi gani chini ya kila kopo na bado akasoma kitabu hiki?

Umeme wa taa

Katika tochi za siku hizi hamna globu yenye uzi mwembamba ndani. Mna diodi ndogo zinazotoa nuru. Diodi nyeupe huhitaji volti 3 hivi, nayo hula umeme kidogo sana. Tochi nyingi hutupwa kwa sababu swichi imekufa au kutu imekula chemchemi, na diodi zake bado ni nzima. Chukueni hizo.

Betri moja mpya ya tochi ina volti 1.5. Inapotumika, volti hupungua. Tochi inapokataa kuwaka watu husema betri zimekwisha, lakini mara nyingi bado kuna umeme uliobaki. Tuseme kila betri imebakiwa na volti 1.1. Betri mbili zikipangwa mfululizo zitatoa volti 2.2, ambazo hazitoshi. Ongezeni ya tatu: 1.1 + 1.1 + 1.1 = volti 3.3. Diodi itawaka. Vijijini wako watu wengi waliokwisha kuligundua jambo hili bila kufundishwa na kitabu chochote. Angalizo: msitumie betri tatu mpya, kwa kuwa volti 4.5 zitaunguza diodi. Na kamwe msiunganishe vifaa hivi na umeme wa nyumba. Umeme wa gridi ya Taifa uliofika Songea mwaka 2018 hufika katika soketi ukiwa na volti 230, nao huua.

Chukueni mwanzi mnene, mwupasue katikati kwa urefu, mpange betri tatu ndani yake: kichwa cha betri moja kiguse kitako cha nyingine. Zifungeni kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mwanzi na mpira ni vihami, yaani havipitishi umeme. Waya wa shaba ni kipitishi. Na kopo je? Jaribuni. Wekeni vipande viwili vya waya juu ya rangi ya kopo, na diodi haitawaka. Kwangueni rangi hiyo kwa msumari, jaribuni tena. Bati hupitisha umeme, rangi haipitishi. Watu wengi hutupa kifaa kizima kwa kukosa kukwangua.

Diodi ina miguu miwili. Mguu mrefu huunganishwa na upande chanya wa betri, yaani upande wenye kichwa, na mguu mfupi na upande hasi. Mkigeuza haitawaka, kwani diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Kwa swichi, tumieni vipande viwili vya bati vilivyopigiliwa juu ya ubao. Vikigusana taa huwaka, vikiachana huzimika.

Diodi ziko nne, moja kwa kila kopo. Ziungeni kwa namna ya sambamba, ili kila moja iwe na njia yake kutoka betri na kurudi. Mkiziunga mfululizo, zitahitaji volti 12 hivi, na moja ikifa zote zitazimika. Nuru ikiwa hafifu mno, basi betri zenu zimechoka kupita kiasi, au diodi ni nyingi. Ongezeni mwanzi mwingine wenye betri tatu, ulishe makopo mawili, na ule wa kwanza ulishe mawili.

Betri zinazotoa majimaji zitengwe. Msizipasue, msizitupe motoni wala chooni, na msiwape watoto wadogo wachezee. Mkizishika, nawa mikono kabla ya kula. Ziwekwe katika ndoo yenye mfuniko hadi mwalimu atakapopata mahali salama pa kuzipeleka.

Kuitundika

Fundi baiskeli atawapa rimu iliyopinda, isiyofaa tena barabarani. Hesabuni matundu ya spoku. Katika baiskeli nyingi za mtindo wa zamani rimu ya mbele ina matundu 32 na ya nyuma 40. Watu hupenda kutundika kwa kamba tatu, lakini 32 haigawanyiki kwa tatu, wala 40. Tumieni kamba nne. Katika rimu ya matundu 40 fungeni kamba kila baada ya matundu 10, na katika ile ya 32 kila baada ya 8. Kamba zote ziwe na urefu sawa, zikutane juu katika pete moja ya waya, nayo pete ifungwe kwenye kenchi na mtu mzima. Makopo yafungwe katikati ya kamba na kamba, yakikabiliana mawili mawili. Kopo moja likiwa zito kuliko lililo mkabala wake, rimu italala upande. Msikate kamba kuirekebisha. Tieni kokoto au vizibo vya soda katika upande mwepesi, kidogo kidogo, hadi ilale sawa kama mizani.

Minzi ya betri ifungwe juu ya ubao wa swichi ukutani, mahali mnapopafikia, maana mtaibadili mara nyingi. Mzee au mama aliyewapa nakshi ya mkeka aalikwe jioni ya kwanza, abonyeze swichi yeye.

Maswali na kazi

1. Kwa nini maji yalipanda katika kitambaa na hayakupanda katika plastiki?

2. Mvulana mmoja aliziba kitundu cha pembeni katika mfuniko wa koroboi ili mafuta yasinuke. Baada ya muda moto ulififia. Mweleze sababu.

3. Katika Jaribio la 3, ni sehemu gani ya boksi iliyokuwa giza wakati tundu lilipokuwa wazi? Chora picha yenye mistari kuonyesha njia ya nuru, kisha chora nyingine yenye chupa.

4. Mnazo betri za zamani. Kila moja imebakiwa na volti 0.8. Mtahitaji betri ngapi mfululizo ili mpate volti 3 au zaidi kidogo?

5. Rimu yenu ina matundu 36. Je, mnaweza kutumia kamba tatu? Mnaweza kutumia kamba nne? Mtafunga kila baada ya matundu mangapi?

6. Tembea nyumbani kwenu na kwa jirani. Orodhesha vitu vyote vilivyotengenezwa kutokana na vitu vingine vilivyokwisha kutumika, kama vile katambuga za matairi, faneli na majiko. Karibu na kila kitu andika kilikuwa nini hapo mwanzo.

7. Siku ya mvua kubwa, simama katika dawati la nyuma kabla taa ya mchana haijawekwa, uhesabu ni maneno mangapi ya ubaoni unayoweza kuyasoma. Rudia baada ya taa kuwekwa, siku nyingine ya mvua, ukiwa mahali pale pale na mwandiko ukiwa wa ukubwa ule ule. Andika hesabu zote mbili katika daftari lako na umwonyeshe mwalimu, hata kama tofauti ni ndogo.